Je, Programu ya Kompyuta Inaweza Kupewa Hataza?

Utangulizi

Katika parokia nyingi siku hizi hutakosa kijana mmoja au wawili wanaojua kuandika programu za kompyuta. Mmoja ametengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za VICOBA. Mwingine ameandaa mfumo wa kutunza orodha ya waamini wa jumuiya ndogondogo. Mwingine anahangaika na programu ya kumsaidia mkulima kujua bei ya mahindi kabla hajapakia magunia. Kazi ikianza kupendwa na watu, maswali mawili hujitokeza. La kwanza ni hili: "Nifanye nini ili mtu asiniibie?" La pili wengi hawalifikirii mpaka liwafike: "Je, inawezekana mtu nisiyemjua akaja kudai kwamba mimi ndiye niliyechukua kilicho chake, ingawa nimeandika kila mstari kwa mkono wangu?"

Majibu ya maswali haya yanategemea jambo ambalo mataifa yamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50, yaani kama programu ya kompyuta inaweza kupewa hataza. Makala hii inaeleza hataza ni nini, kwa nini programu zimewasumbua watunga sheria, Marekani, Ulaya, New Zealand na India zimeamuaje, na sisi wa Afrika Mashariki tumesimama wapi.

1. Hataza si hakimiliki

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili, na hapo ndipo mkanganyiko wote huanzia. Tuchukue mfano ulio karibu nasi.

Mtunzi wa kwaya ametunga wimbo wa Noeli. Hakimiliki inamlinda: hakuna anayeruhusiwa kunakili noti na maneno yake na kuyauza bila ruhusa. Lakini hakimiliki haimzuii mtunzi wa parokia jirani kutunga wimbo wake mwenyewe wa Noeli, hata kama nao una sauti nne, kiitikio na mashairi matatu. Kinacholindwa ni wimbo ule kama ulivyoandikwa, si wazo la kutunga nyimbo za Noeli.

Sasa tuseme mtu amepewa haki ya pekee juu ya njia yenyewe ya kuimba kwa sauti nne. Kila kwaya ingelazimika kumwomba ruhusa na pengine kumlipa. Isingesaidia kusema, "Sisi hatukumwiga, tuligundua wenyewe mazoezini." Kwa kawaida utetezi huo haukubaliki mbele ya hataza. Aliyetangulia kuomba na kukubaliwa ndiye mwenye haki, na wengine wote wanafungwa nayo, hata wale ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Hataza, basi, ni haki ya pekee ambayo taifa humpa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20 tangu tarehe ya kuomba. Ni aina ya mapatano. Mvumbuzi anaeleza hadharani, kwa maandishi, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Jamii nayo inamwahidi kwamba kwa muda huo hakuna mwingine atakayekitengeneza, kukitumia au kukiuza bila idhini yake. Muda ukiisha, maarifa yale yanakuwa ya wote.

Si kila kitu kinapata hataza. Sheria za karibu nchi zote hudai mambo matatu: kitu kiwe kipya, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani ile angeliona mara moja, na kiweze kutumika katika viwanda, kilimo au shughuli nyingine za uzalishaji. Tena hataza ni ya mahali. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Songea wala Kisumu, labda iombwe na kukubaliwa huku pia.

2. Kwa nini programu ni kesi ngumu

Sheria za hataza zilitungwa zikiwa na vitu vya kushikika akilini: pampu, cherehani, dawa, mtambo wa kukoboa. Programu ya kompyuta haikai vizuri katika kundi hilo, kwa sababu ina sura mbili.

Kwa upande mmoja, programu ni maandishi. Mtu huketi akaandika mistari ya maagizo, kama mtu anavyoandika kitabu. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yamekubali kuilinda kwa hakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unasema wazi kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi.

Kwa upande wa pili, programu hufanya kazi. Kitabu cha mapishi hakipiki ugali, lakini programu ikiwekwa ndani ya mashine, mashine inatenda. Inaweza kusimamisha lifti, kupima mapigo ya moyo au kuongoza injini. Ukiitazama hivyo, inafanana na kifaa.

Kuna ugumu mwingine. Ndani kabisa, programu ni hesabu na mantiki: chukua namba hii, linganisha na ile, ikiwa kubwa fanya hivi, ikiwa ndogo fanya vile. Na tangu zamani sheria zimekataa kumpa mtu umiliki wa hesabu. Hakuna awezaye kumiliki kanuni ya kutafuta eneo la duara akawatoza wanafunzi ada kila wanapoitumia. Je, hesabu hiyo ikifanywa na kompyuta badala ya kalamu na karatasi, inageuka kuwa uvumbuzi? Hapo ndipo mataifa yalipotofautiana.

3. Marekani: mlango uliofunguliwa, kisha ukarudishwa nusu

Huko Marekani suala hili limeamuliwa zaidi na mahakama kuliko Bunge. Mwaka 1972, katika kesi ya Gottschalk dhidi ya Benson, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa hataza juu ya njia ya kubadili namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ndani ya kompyuta. Majaji waliona kwamba kuitoa kungekuwa sawa na kumkabidhi mtu hesabu yenyewe.

Mwaka 1981 ilikuja kesi ya Diamond dhidi ya Diehr. Safari hii kompyuta ilitumika kiwandani kukokotoa muda sahihi wa kupasha joto mpira katika kalibu, kisha kufungua kalibu wakati ulipofika. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walikubali. Hoja yao ilikuwa kwamba hataza haikuombwa juu ya hesabu, bali juu ya njia ya kutengeneza mpira, na kuwemo kwa kompyuta hakuifanyi njia hiyo ipoteze haki yake.

Baada ya hapo mlango ulizidi kufunguka. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza iliamua, katika kesi ya State Street, kwamba hata njia ya kufanya biashara kwa kompyuta inaweza kupewa hataza mradi ilete matokeo yenye manufaa. Mwaka uliofuata kampuni ya Amazon ilipata hataza juu ya kununua bidhaa kwenye intaneti kwa kubofya mara moja tu, na ndani ya muda mfupi ikamshtaki mshindani wake, Barnes & Noble. Hataza hiyo iliisha muda wake mwaka 2017. Huko Ulaya ombi la namna hiyo halikukubaliwa.

Kipindi hicho kilileta pia aina mpya ya biashara: makampuni yasiyotengeneza chochote, yanayoshika hataza na kuwadai wanaotengeneza. Mfano uliosikika sana ni wa NTP, ambayo haikuwa na bidhaa sokoni. Mwaka 2006 watengenezaji wa simu za BlackBerry walikubali kuilipa dola milioni 612.5 ili kumaliza kesi iliyotishia kufunga huduma yao nchini Marekani.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliurudisha mlango nusu. Katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, majaji wote 9 walikubaliana kwamba kuchukua wazo la kale la biashara, yaani mtu wa tatu kushika dhamana mpaka pande mbili zitimize makubaliano, na kuliendesha kwa kompyuta ya kawaida, hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Tangu hapo hataza nyingi za aina hiyo zimefutwa mahakamani. Hata hivyo, programu inayoboresha utendaji wa kompyuta yenyewe au wa mtambo bado inaweza kupata hataza, na mpaka kati ya pande hizo mbili haujachorwa kwa wino usiofutika.

4. Ulaya: maneno mawili yenye uzito

Mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Hataza wa Ulaya huko Munich mwaka 1973. Kifungu cha 52 kinataja mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi, na miongoni mwake zimo programu za kompyuta. Ungedhani neno limekwisha. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba katazo linahusu mambo hayo "yenyewe kama yalivyo" tu.

Nyongeza hiyo fupi imebeba mzigo mkubwa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inaielewa hivi: programu peke yake haipati hataza, lakini programu inayotatua tatizo la kiufundi inaweza kupata. Mwaka 1986, katika shauri la Vicom, ilikubali njia ya kusafisha picha za kidijitali kwa kompyuta. Baadaye hataza nyingi zinazohusu programu zilitolewa kwa njia hiyo, na watu wakaanza kulalamika kwamba mlango umefungwa mbele huku wageni wakipita uani.

Februari 2002 Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria moja kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya. Mjadala ulikuwa mkali kuliko ilivyotarajiwa. Makampuni makubwa yalitaka hataza zikubaliwe waziwazi. Waandishi wa programu huria, wafanyabiashara wadogo na wanauchumi kadhaa walipinga. Mwishoni mwa mwaka 2004 Poland ilizuia pendekezo lisipitishwe kimyakimya katika Baraza la Mawaziri. Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lilipiga kura na kulikataa pendekezo zima kwa kura 648 dhidi ya 14. Wabunge wa pande zote mbili waliona ni heri kukosa sheria kuliko kuwa na sheria isiyomridhisha yeyote. Hivyo Ulaya imebaki na kifungu chake cha mwaka 1973 na tafsiri zake.

5. New Zealand: mfano wa mashine ya kufulia

Kati ya nchi zote zilizoshughulikia suala hili, New Zealand inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni nchi ndogo, inayonunua teknolojia nyingi kutoka nje, na Bunge lake lilijadili jambo hili kwa miaka mitano.

Muswada wa hataza uliletwa mwaka 2008 ili kuondoa sheria ya mwaka 1953. Mwanzoni haukuzikataza programu. Wananchi waliitwa kutoa maoni, na wengi wa wale walioandika juu ya programu walikuwa watengenezaji wenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wao hawakuomba ulinzi zaidi. Waliomba waachwe huru. Walieleza kwamba kila programu mpya hujengwa juu ya mawazo mengi madogomadogo yaliyokwisha kujulikana, na kwamba kampuni ya watu watano haiwezi kuajiri mwanasheria wa kuchunguza kila mstari. Mwaka 2010 kamati ya Bunge ilikubaliana nao, ikapendekeza programu za kompyuta zisipewe hataza.

Baadaye serikali ilipendekeza kuongeza maneno yanayofanana na yale ya Ulaya, na mjadala ukawaka upya, kwani watu walikuwa wameona yalivyofungua njia kule. Mwaka 2013 maneno hayo yalibaki, lakini safari hii sheria yenyewe ikaeleza maana yake. Bunge lilipitisha sheria mwezi Agosti 2013 kwa kura 117 dhidi ya 4, nayo ikaanza kutumika Septemba 2014.

Kifungu cha 11 kinasema programu ya kompyuta si uvumbuzi. Kisha kinatoa kipimo: tazama mchango halisi wa kitu kinachoombewa hataza. Kama mchango huo wote ni kwamba hii ni programu, basi hakuna hataza. Na ili asiwepo wa kupotea, sheria inatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni mashine ya kufulia nguo. Mtu amebuni njia mpya ya kuiendesha mashine hiyo kwa programu iliyowekwa ndani yake. Vyuma na mota ni vilevile vya zamani, lakini sasa nguo zinatakata zaidi na umeme unaotumika umepungua. Hapo mchango halisi ni njia bora ya kufua nguo. Programu ni chombo tu cha kuifikia. Hataza inawezekana.

Mfano wa pili ni mfumo unaomuuliza mtu maswali kwenye kompyuta, kisha unamtayarishia hati za kisheria za kusajili kampuni. Kompyuta ni ya kawaida, na kilicho kipya ni programu peke yake. Kazi hiyo karani angeweza kuifanya kwa kalamu. Kuiendesha ndani ya kompyuta hakuifanyi kuwa uvumbuzi. Hataza haitolewi.

Ukiielewa mifano hii miwili, umeuelewa mgogoro mzima. Swali la kujiuliza si kama kompyuta imetumika. Jiulize ni nini hasa kimeongezeka duniani kutokana na kazi hii, nguo safi zaidi au maagizo mapya ndani ya mashine ileile.

India nayo iko karibu na msimamo huu. Sheria yake ya Hataza ya mwaka 1970, baada ya kurekebishwa mwaka 2002, inakataa njia za hisabati, njia za biashara, na programu za kompyuta zikiwa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2004 serikali ilijaribu kulegeza katazo hilo kwa amri ya muda, lakini mwaka 2005 Bunge halikuyakubali mabadiliko hayo. Katika nchi yenye waandishi wengi wa programu kama India, uamuzi huo haukuwa mdogo.

6. Kwetu Afrika Mashariki

Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, inayosimamiwa na BRELA. Kenya ina Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, chini ya taasisi ya KIPI. Sheria zote mbili zinakataa kutoa hataza juu ya nadharia za sayansi na hisabati, na juu ya mipango, kanuni na njia za kufanya biashara, za kufikiri au za kucheza michezo. Programu nyingi za vijana wetu, zikipimwa kwa maneno hayo, zingeangukia upande wa kukataliwa. Kuweka hesabu za VICOBA, kwa mfano, ni njia ya kuendesha shughuli, hata ikifanywa kwa simu.

Kuna pia Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Bunifu, ARIPO, lenye makao yake Harare. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mtu anaweza kutuma ombi moja na kutaja nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Itifaki hiyo imeziweka programu za kompyuta katika orodha ya mambo yasiyo uvumbuzi, kwa maneno yaliyo karibu sana na yale ya Ulaya, pamoja na ile nyongeza yake. Nchi iliyotajwa katika ombi ina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Ni haki yenye maana tu kama nchi ina watu wa kuyasoma maombi hayo na kuyaelewa.

Kuhusu TRIPS, mkataba huo unataka hataza zipatikane katika nyanja zote za teknolojia, lakini hautaji programu katika kifungu hicho, wala hauelezi uvumbuzi ni nini. Ndiyo maana Marekani, Ulaya na India, ambazo zote ni wanachama, zimeamua tofauti. Zaidi ya hayo, nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo, zimeongezewa muda wa kutotimiza masharti mengi ya mkataba huo mpaka tarehe 1 Julai 2034. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwa maneno mengine, bado tuna nafasi ya kufikiri.

Hakimiliki, kwa upande wake, ipo tayari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Ulinzi huo huanza kazi inapoandikwa, bila kusubiri hati ya mtu yeyote.

7. Hoja za pande zote mbili

Haitakuwa haki kuuonyesha upande mmoja tu.

Wanaotaka hataza wanasema hivi: hakimiliki inalinda maandishi, hailindi wazo. Kijana akibuni jambo jipya kweli, kampuni kubwa inaweza kuajiri waandishi 20, wakaandika upya programu inayofanya kazi ileile kwa mistari tofauti, na ndani ya miezi michache kijana akabaki mikono mitupu. Hataza ingempa silaha. Tena utafiti mwingine unadai fedha na miaka mingi, na hakuna atakayewekeza bila matumaini ya kurudishiwa gharama. Hoja hizi zina uzito.

Wanaopinga wanajibu kwamba silaha hiyo ni ghali, na wenye fedha ndio huwa nayo nyingi. Kampuni kubwa inaweza kuwa na maelfu ya hataza, na kijana mmoja hana hata moja. Vita vikianza, haihitaji kueleza ni nani atakayeshinda. Wanaongeza kwamba miaka 20 ni muda mrefu mno katika fani ambapo programu ya miaka mitano iliyopita tayari imezeeka, na kwamba watu wengi hufikia wazo lilelile kila mmoja kwa njia yake, bila kuibiana.

Mfano mmoja unaonyesha hatari hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ilitoa aina ya faili ya picha iitwayo GIF, na watu duniani kote wakaitumia kwa uhuru. Ndani yake ilikuwamo njia ya kubana ukubwa wa picha ambayo kampuni nyingine, Unisys, ilikuwa na hataza juu yake tangu mwaka 1985. Mwishoni mwa mwaka 1994, GIF ikiwa tayari imeenea, ilitangazwa kwamba watengenezaji wa programu za kibiashara zinazotumia faili hizo watapaswa kulipia leseni. Waandishi wengi walijikuta na deni wasilolijua. Baadhi yao wakaungana, wakatengeneza aina mpya ya faili iitwayo PNG, iliyo huru kwa wote, ambayo tunaitumia mpaka leo. Hataza ile iliisha muda wake nchini Marekani mwaka 2003.

Tufikiri pia juu ya jambo linalotugusa kila siku. Leo mama wa sokoni anaweza kutuma fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, na mitandao inashindana kumvuta. Ingekuwaje kama wazo lenyewe la kutuma fedha kwa simu lingekuwa mali ya kampuni moja kwa miaka 20? Pengine kampuni hiyo ingeuza leseni kwa bei nzuri, pengine isingeuza kabisa. Makato ya kutuma yangeamuliwa na mmoja tu.

8. Mafundisho Jamii yanasemaje

Kanisa halina fundisho juu ya kifungu gani cha hataza kipitishwe, na si kazi yake. Lakini limegusia umiliki wa maarifa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alieleza kwamba katika nyakati zetu kuna aina ya umiliki isiyopungua uzito mbele ya umiliki wa ardhi, nayo ni umiliki wa maarifa, teknolojia na ujuzi. Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, alilalamikia bidii iliyopita kiasi ya nchi tajiri katika kulinda maarifa kwa haki kali mno za miliki bunifu, hasa katika mambo ya afya.

Misingi miwili inakwenda pamoja hapa. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na mwandishi wa programu ni mfanyakazi. Vilevile, mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wote, na umiliki binafsi una wajibu kwa jamii. Anayeshika msingi mmoja na kuuacha wa pili atakosea, ama kwa kumnyima kijana jasho lake, ama kwa kumfungia jirani njia ya kujipatia riziki. Sheria nzuri ya hataza ni ile inayojaribu kuitunza misingi yote miwili.

9. Basi kijana wetu afanye nini?

Turudi kwa mwandishi wa programu ya VICOBA. Kwa sheria zilivyo, yapo mambo anayoweza kufanya leo.

Kwanza, atunze ushahidi wa kazi yake: nakala za kila hatua zenye tarehe. Anaweza pia kuisajili kazi hiyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili si sharti la kulindwa, lakini husaidia mgogoro ukitokea.

Pili, aandike mkataba kabla ya kuanza kazi. Migogoro mingi haitokani na wezi wa mbali, bali na marafiki walioanza pamoja bila karatasi. Parokia, shule au kikundi kinachomwagiza kijana atengeneze mfumo nacho kikubaliane naye mapema: programu itakuwa ya nani? Je, anaweza kuiuza kwa wengine? Nani atairekebisha ikiharibika?

Tatu, alilinde jina. Jina na nembo ya huduma vinaweza kusajiliwa BRELA kama alama ya biashara. Mara nyingi wateja hufuata jina wanaloliamini kuliko msimbo wasiouona.

Nne, kama programu yake inaendesha kifaa na kuleta matokeo mapya yanayopimika, kwa mfano pampu ya umwagiliaji inayotumia maji kidogo zaidi kwa kupima unyevu wa udongo, aulize BRELA juu ya hataza kabla hajakionyesha hadharani. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa kwenye maonesho au kuelezwa mtandaoni kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe.

Tano, akitumia programu huria za wengine, asome leseni zake. Huria haina maana ya kutokuwa na masharti. Nyingine zinataka umtaje mwandishi, nyingine zinataka nawe uache kazi yako wazi kwa wengine.

Hitimisho

Tumeona kwamba hakuna jibu moja kwa dunia nzima. Marekani ilifungua mlango ikaurudisha nusu, Ulaya ilikataza ikaacha nafasi, na New Zealand na India ziliwasikiliza waandishi wao wa programu zikaweka katazo lililo wazi zaidi. Sisi tuna sheria zinazokataza njia za biashara na hisabati, itifaki ya kikanda yenye maneno ya Ulaya, na muda ambao haujaisha.

Siku sheria hizi zitakapofanyiwa marekebisho, wananchi wataitwa kutoa maoni. Makampuni makubwa yatakuja na wanasheria wao, na hiyo ni haki yao. Itakuwa vizuri kama wale vijana wa parokiani nao watakuwepo, wanaojua tofauti ya hataza na hakimiliki, na wanaoweza kumweleza mbunge wao kwa lugha nyepesi kwa nini mashine ya kufulia ni jambo moja, na karani ndani ya kompyuta ni jambo jingine.